Maji Yanatoka Juu

Safari hii hatutaandika juu ya chanjo wala uji wa lishe. Tutaandika juu ya gari, tena juu ya lile dirisha dogo la kioo lililo kwenye paa la gari, ambalo mafundi wetu hulitamka sanrufu. Yamkini baadhi yenu mtasema hayo ni mambo ya akina baba. Nasi tulisema hivyo hivyo, na kusema kwetu kukatuponza.

Gari letu tulilinunua mwaka 2015, likiwa limekwisha kutumika Japani, kama yalivyo magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam. Dirisha la juu hatukuliomba, lilikuja nalo. Watoto ndio waliolifurahia. Siku ya kwanza kulileta Morogoro walisimama juu ya viti, vichwa nje, wakaipungia milima ya Uluguru mikono kama wageni wa serikali. Tuliwakemea, lakini tulicheka. Baada ya hapo dirisha lilifunguliwa mara chache sana, kwa maana jua la huku si la kuingiza garini kwa hiari. Gari lenyewe tulikuwa tunaliegesha chini ya mwembe, mahali penye kivuli pekee katika uwanja wetu.

Mwishoni mwa mwaka 2017 watoto walilifungua siku ya harusi ya jirani, nalo likakataa kufunga. Mota ililia, kitu kikakatika kwa ndani kama ukuni mkavu, kioo kikabaki kimeinuka upande mmoja. Baba watoto alilipeleka kwa fundi wa barabarani, ambaye alikisukuma kioo kwa mkono hadi kikakaa, kisha akakizungushia silikoni nyeupe pande zote kama keki ya harusi. Akachukua shilingi 40,000 na kutuhakikishia kwamba tone la maji halitapita. Kiangazi halikupita kweli.

Masika ya 2018 ilianza mapema Machi. Wiki ya pili tuligundua kwamba kapeti ya mbele, upande wa abiria, ilikuwa imelowa chapachapa, na gari lilinuka kama kanga zilizosahauliwa kwenye beseni. Sasa, aliyekuwa akiliosha gari ni binti aliyetusaidia kazi za nyumbani, mtoto wa watu kutoka Kilosa, miaka 19. Tulimwita sebuleni. Tukamwambia anamwaga ndoo za maji ndani badala ya kufuta kwa kitambaa, kwamba ni mvivu, na kwamba kapeti ya gari si sakafu ya jikoni. Binti alisimama mikono nyuma. Alisema neno moja tu: “Mama, maji yanatoka juu.”

Hatukuinua macho. Tulidhani anajitetea. Ilipolowa tena juma lililofuata tulimkata shilingi 20,000 kwenye mshahara wake, nasi tukajiona tumetenda haki kwa sababu tungeweza kumkata zaidi. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 1 Aprili. Binti aliaga kwenda kwao kula sikukuu, akabeba mfuko wake wote, naye hakurudi.

Kitinda mimba wetu wakati huo alikuwa na miaka 7. Ana pumu tangu akiwa na miaka 3, na kwa muda mrefu tulikuwa tumeimudu vizuri. Mwezi ule wa Machi alianza kubanwa kifua asubuhi, kila baada ya kushuka shuleni, na Aprili tulimpeleka hospitali mara mbili usiku. Mara ya pili mwenzetu wa zamu aliuliza maswali ambayo sisi wenyewe tumewauliza akina mama wengi kwa miaka zaidi ya 20: “Kuna moshi nyumbani? Kuna mnyama ndani? Kuna unyevu au ukungu mahali anapolala?” Tukajibu hapana, hapana, hapana. Gari halikutujia akilini, ingawa mtoto alikaa humo nusu saa kila asubuhi, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua.

Jibu lilitumwagikia lenyewe, na tunasema kumwagikia kwa maana kamili. Jioni moja katikati ya Aprili tulikuwa tunakwenda zamu ya usiku, mvua kubwa, Baba watoto akiendesha. Kwenye mzunguko wa Msamvu bodaboda ilikatiza mbele, akakanyaga breki ghafla. Papo hapo kutoka kwenye taa ya ndani, juu ya kioo cha kutazamia nyuma, maji ya baridi yalishuka kama yaliyofunguliwa bomba, yakaangukia sare yetu nyeupe kuanzia kifuani hadi magotini. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai. Tuliinua macho, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Kitambaa cha dari kilikuwa kimening’inia kama chandarua, chenye madoa ya kahawia yaliyochorwa mithili ya ramani.

Baba watoto alitaka kutuliza mambo kwa mzaha. Akasema katika Mithali sura ya 27 maji yanayodondoka yamewekwa mizani moja na mwanamke mgomvi. Alipotutazama usoni, hakuendelea na mahubiri.

Usiku kucha wodini tuliisikia sauti ya yule binti.

* * *

Mtaani kwetu yuko mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa magari tangu ujana wake, ambaye sasa amestaafu na kazi huchagua mwenyewe. Tulimwendea, tukamwamkia, tukamweleza. Alikuja Jumamosi, akaitazama ile silikoni, akaguna. Kisha akauliza swali lililotushangaza: “Sista, maji yakiingia hapa, yanatokea wapi?”

Tukamjibu kwamba hayapaswi kuingia kabisa. Akatikisa kichwa.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo wengi hawalijui. Dirisha la namna hii halikuundwa lizibe kama kifuniko cha chupa. Mpira unaozunguka kioo huzuia sehemu kubwa ya mvua, lakini kiasi kidogo hupenya daima, na waliolitengeneza walijua hivyo. Chini ya kioo kuna kama sinia lenye mfereji kuzunguka pande zote, na kwenye pembe zake kuna matundu. Kila tundu lina mpira mwembamba unaoshuka ndani ya nguzo za gari: ile miwili ya mbele hupita kandokando ya kioo kikubwa na kutokea karibu na bawaba za milango au nyuma ya gurudumu, na ile ya nyuma hushuka hadi karibu na bampa. Maji yakiingia hukusanyika kwenye sinia, hushuka mipirani, humwagika barabarani, na mwenye gari hana habari. Mipira ikiziba, sinia hujaa, maji hufurika juu ya dari, na dari huyalea hadi siku mtakayokanyaga breki.

Sisi tuliosomea uuguzi tulihisi uso kuwaka. Mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, mkojo usipotoka, muuguzi haongezi plasta. Huufuata mpira kuanzia kwa mgonjwa hadi kwenye mfuko, akitafuta ulipokunjwa au ulipoziba. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameongeza plasta. Nasi tukamlipa.

Mzee alikwangua silikoni kwa kisu cha plastiki, polepole, asiikwaruze rangi. Ilikuwa imekwisha kupasuka kwa jua na mtikisiko, na nyingine ilikuwa imedondokea kwenye sinia na kuganda. Kabla ya kushusha dari alichomoa betri na kutuagiza tungoje. Alieleza kwamba baadhi ya magari yana mifuko ya hewa iliyojificha kando ya paa, juu ya milango, ile inayofumuka wakati wa ajali, na mtu akichokonoa huko umeme ungali hai anaweza kufumuliwa nayo usoni. Tulikunywa chai. Tunawasihi, mkiona fundi anavamia dari ya gari bila kugusa betri, mwulizeni.

Kushusha dari si kazi ya nguvu, ni kazi ya subira, na ndiyo sababu tunasema mwanamke anaiweza. Kwanza vizuia jua viwili, kisha taa, kisha vishikio vya mkono, kisha vile vipande vya plastiki vinavyofunika nguzo, na mwisho ule ukingo wa mpira unaozunguka uwazi wa dirisha lenyewe. Kila kimoja kina skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo, au klipu inayong’oka ukiivuta sawasawa na kuvunjika ukiivuta ovyo. Tuliviweka kwenye makopo ya siagi, kila kopo na karatasi yake, tukahesabu klipu kama wanavyohesabu vitambaa katika chumba cha upasuaji kabla jeraha halijafungwa. Tulihesabu 14. Wakati wa kurudisha zilikuwa 13, na Baba watoto akasema moja si kitu. Tukakataa kufunga. Ilipatikana kwenye mfuko wa shati lake.

Dari yenyewe ni ubao mwepesi wa nyuzi zilizogandamizwa, juu yake sponji nyembamba, kisha kitambaa. Haikunjiki. Ikikunjwa hubaki na mstari milele, na hilo hatukulisoma mahali, tulilitenda. Tulikuwa tunaitoa kupitia mlango wa nyuma, viti vimelazwa, watu wanne kama wanaobeba machela. Mmoja wetu (hatutamtaja, ila ni yule wa mzaha wa Mithali) akaharakisha, dari ikanasa kwenye usukani, ikalia kwa. Mstari uko pale hadi leo, juu ya kichwa cha dereva.

Ilipotoka tuliona yote. Mfereji ulikuwa umejaa udongo mweusi wa maua ya mwembe yaliyooza, maana mwembe wetu hutoa maua wakati wa kiangazi na huyamwaga juu ya gari miezi miwili mfululizo. Tundu la mbele kushoto lilizibwa na maua, la mbele kulia na silikoni. Mpira wa nyuma upande wa kulia ulikuwa umechomoka kabisa, na tulipofunua shimo la tairi ya akiba tulikuta kisima. Lakini lililotunyamazisha ni kapeti ya mbele. Chini yake kuna tabaka la pamba nzito ya kuzuia kelele, na tabaka lile lilikuwa jeusi, limeota manyoya kama mkate uliosahauliwa. Juu yake, hatua moja tu, ndipo mtoto wetu alipokuwa akiweka miguu yake.

Hatusemi pumu ililetwa na gari. Alikuwa nayo kabla. Lakini unyevu na ukungu huchokoza pumu, jambo tunalolifundisha kliniki. Tabaka lile tulilitupa siku hiyo hiyo, tukang’oa viti, tukaanika kapeti juani siku tatu pande zote mbili. Mtoto tulimpeleka kwa shangazi yake hadi kazi yote iishe, kwa sababu ya vumbi na harufu ya gundi.

Mipira ya maji mzee aliizibua kwa uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia majani, ncha yake akiwa ameiyeyusha kwa moto iwe duara. Waya hakuutaka, kwa maana unatoboa. Kijana mmoja jirani alijitolea kuleta kompresa ya upepo, mzee akamkatalia pia: upepo mkali huweza kuuchomoa mpira kwenye maungio yake huko juu mahali msipoona, nanyi mkaondoka mkidhani mmepona. Alisukuma uzi taratibu, akauzungusha, akamimina maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Sisi tulikuwa tumechuchumaa karibu na gurudumu la mbele tukingoja. Kwanza yalitoka matope, kisha maji ya chai, kisha maji safi. Tulipiga makofi kama watoto, majirani wakachungulia ugoni.

Kuhusu kioo kukataa kufunga, kilichokuwa kimekatika si mota, bali kipande kidogo cha plastiki kinachokibeba kioo juu ya reli yake. Kioo huvutwa na nyaya mbili, kushoto na kulia, na lazima zianze safari pamoja. Upande mmoja ukitangulia, kioo hukaa mshazari na kujinasa. Fundi wa kwanza alipokisukuma kwa mkono aliziachanisha. Mzee alipata reli zote mbili kutoka kwenye gari la aina hiyo hiyo lililopata ajali, huko Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 150,000. Alizipanga alama kwa alama kabla ya kurudisha mota. Pia alitutonya jambo: magari mengi yana tundu dogo karibu na taa ya ndani, ambamo mtu anaweza kutia spana ya pembe sita iliyopinda na kukizungusha kioo hadi kifunge hata mota ikiwa imekufa. Laiti tungelijua hilo siku ya harusi.

Kitambaa tulikifanya wenyewe pamoja na fundi wa makochi. Sponji ya zamani ilikuwa imegeuka unga wa njano. Tuliikwangua kwa brashi laini, pua zimefunikwa kwa barakoa. Gundi ya kawaida isiwadanganye. Gari lililofungwa juani huwa tanuri, gundi ile huachia, na kitambaa hushuka tena. Tulitumia ile inayostahimili joto, tukaipaka ubaoni na kwenye kitambaa pia, tukangoja hadi isishike kidole, ndipo tukakilaza kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa viganja, kama tunavyotandika shuka la mgonjwa asiyeweza kuinuka, bila kuacha hata kunyanzi moja. Kwa mpira wa kioo tulitaka kupaka vaselini, mkono ukiwa umekwisha kuingia koponi, kisha tukakumbuka kwamba mafuta ya namna hiyo huharibu mpira, ndiyo maana hatuyapaki kwenye glovu. Tuliuosha kwa maji na sabuni, tukaupaka grisi ya silikoni.

Mwisho mzee aliomba kikombe. Akamimina maji kwenye pembe moja ya mfereji, tukahesabu, maji yakatoka chini ya gari kabla hatujafika 10. Pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mwaka maua ya mwembe yanapokwisha tunafanya hivyo, ingawa siku hizi gari tunaliegesha upande wa pili, juani, tukalifunika.

Kijana wetu alikaa majuma matatu bila kubanwa, kisha mawili, kisha akashikwa na mafua akabanwa kidogo, na dawa ya kuvuta kwa chupa ikamtosha nyumbani. Hospitali usiku hakurudi tena mwaka ule.

Lilibaki deni moja. Mwezi Juni, barabara zilipokauka, tulikwenda Kilosa kupitia Dumila, na lile gari. Tulikuwa na shilingi 20,000 kwenye bahasha, na juu yake mshahara wa mwezi mzima, nasi njiani tulibishana nani atasema. Mama yake alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, akatukaribisha kwenye mkeka, akaleta maji ya kunywa. Binti alitoka nyuma ya nyumba akiwa na futi ya kupimia shingoni, maana alikuwa ameanza kujifunza cherehani. Alituamkia. Tulimwambia mbele ya mama yake kwamba alituambia kweli nasi hatukutazama juu, na kwamba tulimwita mvivu kwa kosa la mwembe wetu. Tukaomba msamaha. Baba watoto naye aliomba, bila mzaha.

Binti alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Nimewasamehe, Mama. Ila kazi sirudi.” Tukamwambia hatukuja kumrudisha.

Tulipokuwa tunaaga alilizunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akainua shingo kutazama dari. Akaupitisha mkono wake kwenye kitambaa kipya, akaugusa na ule mstari wa kukunjika. “Na hapa?” akauliza. Tukamwelekezea Baba watoto kwa kidole, akacheka, kicheko chake kile cha siku za mwanzo. Kisha bila kuambiwa alikwenda kwenye mtungi, akachota kikombe cha maji, akatuomba tufungue dirisha la juu, akamimina mwenyewe kwenye mfereji. Halafu akachuchumaa mbele ya gurudumu, futi yake ikigusa vumbi, akingoja kuona yatakapotokea.